Mfano wa Huduma Bora Wapatikana Dirishani

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya umma hapa Tanga, nyuma ya binti aliyeshika daftari. Zamu yake ilipofika akamwambia karani, "Shikamoo, mama. Kesho nina usaili wa kazi serikalini, na wataniuliza mfano wa huduma bora. Naomba unisaidie mmoja wa hapa kwenu."

Karani akakuna sikio kwa kalamu. "Marahaba, mwanangu. Mfano... hebu ngoja." Akafunga dirisha.

Kupitia kioo tuliwaona watumishi wote wameinamiana, wanatikisa vichwa. Mmoja alifungua kabati la mafaili, akachungulia, akalifunga. Mzee mmoja wa kijiji cha Kigombe, aliyekuwa akingojea muhuri tangu asubuhi, akaniuliza, "Wamefiwa?"

"Hapana, mzee wangu. Wanatafuta huduma bora."

"Ee! Basi tukae chini."

Baada ya nusu saa dirisha likafunguka. "Andika," karani akasema, uso umemnawiri. "Mteja alikuja na shida, ofisi nzima ikaacha kazi ikamsaidia."

Binti akaandika, akashukuru, akaenda zake. Uongo dhambi, mfano ni wa kweli kabisa. Wasaili wakitaka mashahidi, waje tu. Bado tupo kwenye foleni.