Kilo za Anjela

Msimu wa kahawa ulikuwa na harufu yake: maganda mekundu yaliyochachia nyuma ya nyumba, matamu na makali kama pombe changa. Nilikuwa darasa la tano. Mwaka ule binamu yangu Anjela aliletwa kutoka Pasua, mjini Moshi, akae kwetu mlimani likizo nzima. Alikuwa mnene, mashavu yaking'aa, na bibi alimpokea kama zawadi. Tulipopeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, karani akatutania tuning'inie kwenye mizani atupime. Anjela alipoteremka, akina mama walipiga vigelegele. Zamu yangu ilipofika, karani akauliza, "Huyu nimpime, au nimsubiri aive?" Wote wakacheka. Mimi, niliyepanda kila jioni kutoka bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani bila kupumzika, nilitamani ardhi inimeze.

Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa Anjela methali hiyo haikufanya kazi. Kwetu mtoto wa mjini akirudishwa amekonda, ni aibu ya ukoo mzima. Basi alikalishwa jikoni, akajazwa mtori wa ndizi na nyama, na maziwa, akitutazama tukitoka na mundu.

"Bibi, na mimi niende," alisihi.

"Ukakonde? Mama yako aseme kwa bibi hakuna ndizi?"

Siku moja akanifuata kwa siri. Kushuka alishuka akicheka. Kupanda, na kimzigo kisichozidi mto wa kulalia, alikaa chini mara tatu, kifua kikipiga filimbi. "Nisubiri, dada," alisema. Nikamjibu, "Kilo zako si zilishangiliwa? Zikubebe." Nikamwacha pale. Nilifika nyumbani nikijiona shujaa. Majirani walimleta baadaye wamemshika mikono, midomo imepauka. Bibi alinichapa kwa kumkondesha mtoto wa watu, kisha akampakulia bakuli la pili. Hakuna aliyeuliza habari za kile kifua, hata mimi niliyekisikia.

Sasa nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi Dar es Salaam, na sioni haya kujisifu: nilijisomesha mwenyewe, nina stashahada ya lishe, nimejenga Shirimatunda, mjini Moshi, nyumba ambayo wapita njia husimama kuitazama. Binti yangu yuko darasa la tano, katika shule ambayo basi huwafuata watoto mpaka getini kwao. Ngazi chache tu za kanisani humfanya ashike ukuta. Naliona hilo kila Jumapili, lakini ninaowashauri kazini ni mama wa watoto wengine.

Wiki iliyopita alisema, "Mama, leo niache nitembee na wenzangu. Shule si mbali."

Jibu lilinitoka kabla sijafikiri. "Utembee kama mtoto asiye na mzazi?"

Alinitazama, kisha akawatazama wenzake wakipita njiani. Stashahada yote ile, na nikamfungulia geti asubiri basi. Basi likapiga honi, naye akapanda.