Vikombe vya Kifaransa vya Bi Fawziya

Shukriya, jirani yake Ahlam, alileta habari kwamba Bi Fawziya wa mtaa wao hapa Ibra, Omani, ameuza bangili zake za dhahabu akanunua vikombe sita vya kale vya Kifaransa. "Na jana kaninywesha kahawa kwa kimoja, shoga," akajigamba.

Ahlam aliona wivu. Yeye ndiye amfutiaye bibi yule kabati kila Alhamisi, na hupewa kahawa kwa finjani ya sokoni. Akambeba mwanawe, akaenda kwa Bi Fawziya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vimebaki vitano. Shukriya alikitikisa kimoja kama finjani, kuonyesha katosheka, akabaki na kishikio tu mkononi."

Ahlam alifurahi, kisha akajionea haya. Bi Fawziya akammiminia kahawa katika kikombe chenye ukingo wa dhahabu.

"Kunywa, mwanangu. Ila ukitosheka niambie kwa mdomo, usikitikise."