Kiti cha Kufumulia Kikae Mlangoni

Ninaikumbuka bado ile asubuhi ya baridi, Makambako imefunikwa na ukungu hata stesheni ya reli haionekani, Mama Witi alipoingia dukani kwa shangazi yangu Tabea bila hata kusema kamwene, salamu yetu ya huku. Alikuwa ametoka Wanging'ombe kwa basi la kwanza. Alilitoa kwenye mfuko sweta dogo la kijani, lile tulilomfumia mjukuu wake, akalisukuma mbali juu ya meza.

"Lichukueni. Mtoto wetu halivai tena."

Subiri kwanza, mwanangu, nikueleze tulivyokuwa tunafanya kazi. Shangazi alikuwa mfumaji wa masweta. Uzi mpya wa sufu haukushikika kwa bei, kwa hiyo kila belo la mitumba lilipofunguliwa sokoni, yeye alichukua masweta ambayo hayana mnunuzi: yaliyotoboka viwiko, yaliyolegea shingo, yale ambayo yangeishia kuchomwa jalalani. Aliyafumua, akauosha uzi kwa maji ya moto, akautundika na jiwe chini mpaka mikunjo itoke. Kisha anafuma upya. Ukilivaa sweta lake hata huku kwetu Njombe, baridi inakupisha. Na kazi ya kufumua aliifanya mlangoni, kwenye kiti cha kamba, kila mpita njia akimwona.

Nilipomaliza shule nikaenda kwake kujifunza, nikakabidhiwa kile kiti. Sasa, ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la fundi cherehani, na pale alikuwa anajifunza binti wa Mama Witi, anaitwa Lea. Alikuwa mzuri, na alikuwa anapita mlangoni petu kila mara. Kila akipita ananikuta nimekumbatia sweta bovu la kafa Ulaya, maana ndivyo watu walivyoita mitumba kwa mzaha. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia shangazi vumbi la barabarani linachafua uzi, nikahamishia kazi uani na kufunga mlango wa nyuma. Dukani yakabaki masweta mapya tu, yamekunjwa vizuri. Nikajiona mjanja kweli.

Haukupita muda, wateja wakaanza kupungua. Na ilikuwa kipindi cha baridi, ambacho mauzo yake ndiyo yaliyotulisha mpaka baridi ya mwaka unaofuata. Shangazi alikuwa anaangalia barabarani, anaguna, anarudi kwenye sindano zake. Ndipo akaja Mama Witi na lile sweta.

"Kuna nini, mama?" shangazi akamuuliza.

"Watu wanasema mnafuma kwa nguo za marehemu. Eti zinatoka chumba cha maiti, ndiyo maana siku hizi mnajifungia uani. Mimi sijui, Tabea. Ila mtoto mwenyewe mchanga, siwezi kubahatisha."

Nilidhani shangazi atawaka. Hakuwaka. Aligeuka akaniangalia, na hata leo natamani nisingeangaliwa vile.

"Mwanangu, huyu mama hajanikosea kitu," akasema. "Ulipofunga ule mlango ulimwachia abuni mwenyewe kilichopo nyuma yake. Lete kiti."

Nikakirudisha mlangoni. Shangazi akaleta kikapu, akatoa mkono mmoja wa sweta kuukuu la kijani lililotupa uzi wa lile la mtoto, mkono ambao tulikuwa hatujaufumua. Akamtajia Mama Witi kijana wa sokoni aliyemuuzia. "Pita kwake ukamuulize, usinisikilize mimi peke yangu." Akamwonyesha sufuria ya kuoshea uzi na kamba ya kuanikia. Kisha akaligeuza lile sweta dogo. "Mgongo nimefuma mimi. Mikono kafuma huyu bwana mkubwa, ndiyo maana mmoja umeenda upande."

Mama Witi akacheka, mwanangu, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Akaliacha sweta mezani, akaenda zake sokoni. Mimi nikakaa kwenye kile kiti, nikaanza kuufumua ule mkono wa kijani.

Alirudi na Lea nyuma yake. Akalichukua sweta, akalirudisha kwenye mfuko. "Nimemuuliza," akasema. "Kamwene, Tabea. Asubuhi sikukusalimia."

Lea alikuwa ananitazama nilivyokaa na ule mkono wa sweta magotini. "Kumbe bado unafumua? Mimi nilijua umefungiwa uani kwa kosa." Akavuta kigoda, akashika donge la uzi, akaanza kuzungusha huku mimi navuta.

Wateja walirudi polepole. Wengine walikuja kuangalia tu, wakaondoka na sweta.

Siku hizi, mwanangu, unauza nguo kwa simu. Picha inapendeza, na mteja yuko Dar es Salaam, anakuuliza kitambaa kimetoka wapi, nani kashona. Usimkasirikie. Nguo inalala kwenye ngozi yake na ya mtoto wake, ana haki ya kujua. Kama ni mtumba uliofumuliwa, mwambie ni mtumba, na umwambie kwa furaha, maana umeokoa kitu kisichomwe moto. Mtaje aliyefuma, hata kama mkono umeenda upande. Usichokijua, sema hukijui, kisha nenda kamuulize aliyekuuzia. Na jibu likikutia aibu, badilisha unavyofanya kazi, usibadilishe jibu. Ukiwa wewe ndiye mnunuzi, uliza vilevile.

Bibi yako Lea yuko jikoni hapo, amevaa sweta nililomfumia tulipooana. Uzi wake tuliufumua pamoja, mlangoni, na viwiko nimeshavirudia sijui mara ngapi. Mungu akupe mikono mizima, mwanangu, na akupe kazi ambayo hutaona haya kuifanya barabara nzima ikikuangalia.