Ushuhuda Wangu mu Banki

Rafiki yangu, karibia kidogo, juu haya hii siwezi kuibeba peke yangu.

Banki yangu ya hapa Brussels ilinikataga frais, makuta ya kila mwezi, myaka mingi, juu ya compte (akaunti) ya bei kali yenye assurance, bima ya safari. Mimi, safari yangu ni tram ya Flagey! Nikaenda kudai ile makuta, nilipie binti yangu minerval ya masomo. Madame wa banki akasema papiers za zamani hazipo tena: nilete preuve, ushahidi wowote kwamba balinidanganya niikamate.

Nikakumbuka: wakati nilifungua ile compte, nilitoa ushuhuda juu yake kanisani, na bakanifilmer. Nikafunga kula, nikaomba, nikapeleka DVD bila kuiangalia, imani tu. Nikaenda na maman Béa wa kanisa yetu, atafsirie madame Kiswahili yangu mu Kifaransa. Maman Béa hajuagi kudanganya.

Madame akaiweka mu ordinateur. Nikajiona niko naruka mbele ya bandugu: "Yule kijana wa banki aliniambia, 'Maman, hii compte haikufai, kamata ile ya bure.' Nikamukemea mu jina la Yesu! Mutoto wa Mfalme hakamatage ya bure! Akaogopa, akanipa ya bei!"

"Elle dit quoi?" madame akauliza, eti ninasema nini.

Nikamukanyaga maman Béa muguu. Akatafsiri yote, hata kukemea. Kisha akafunga macho, akapaza sauti: "Amina!"

Bon, pashia na bengine kisa hii. Afazali basikie kwangu kuliko kwa maman Béa.