Gunia la shukrani lililoishia kwenye sufuria ya uji

Saa moja kasoro asubuhi, Loisi Ndahani anapuliza moto nyuma ya madarasa ya shule moja ya msingi huko Mkonze. Anatia unga kwenye maji ya vuguvugu, anakoroga, anasita. Anachungulia ndoo ya unga, kisha anaongeza vikombe viwili tu. Uji wa leo utakuwa mwepesi.

"Wakiuona mwepesi hawasemi kitu," anasema bila kuinua macho. "Wanakunywa tu. Hilo ndilo linaniumiza."

Loisi, mwenye umri wa miaka 46, ana mwaka wa tisa akiwa mpishi wa shule hii. Anawapikia watoto 212, wa darasa la awali hadi la tatu. Hulipwa shilingi elfu sitini kwa mwezi, michango ya wazazi ikipatikana. Chakula cha nyumbani kwake hutoka kwenye eka tatu za uwele anazolima na mumewe, Thobias.

Miaka miwili iliyopita shamba hilo liliwapa magunia kumi na moja. Loisi alipeleka moja kanisani kwenye ibada ya shukrani ya mavuno, na njia nzima alikuwa akiimba. Mwaka huu mvua ilikatika Februari, uwele ukiwa ndio kwanza unatoa masuke. Wakavuna magunia matatu.

Hata hivyo alitenga moja, akalifunga kamba, akamwambia mumewe kuwa hilo ni la Mungu, lisiguswe. Thobias hakupinga. Aliuliza tu mawili yaliyobaki yatawafikisha wapi, wao na watoto wanne.

Ilipofika Agosti, mwalimu mkuu, Hilda, alimwita ofisini akamweleza kuwa stoo imebaki na unga wa siku moja. Wazazi nao hawakuvuna, hakuna wa kumbana. Ingebidi jiko lizimwe hadi likizo, yaani siku tisa za masomo.

Loisi aliwafahamu watakaoumia. Mwaka uliotangulia binti wa darasa la pili alianguka mstarini kwa njaa. "Wapo wanaotoka nyumbani hawajala tangu jana yake mchana," anasema. "Nawajua kwa namna wanavyoshika kikombe."

Akiwa njiani kurudi nyumbani alipiga hesabu. Gunia lile lilitosha siku tisa. Lakini alikwishaliahidi, na ahadi ile hakumpa binadamu. Akageuza njia, akaenda kwa Mchungaji Cornel.

"Baba Mchungaji," alimuuliza, "nikilipika, nitakuwa nimemwibia Mungu?"

Mchungaji akamjibu: "Mama, kama Mungu amekuuliza habari za watoto hao, mimi siwezi kusimama katikati yenu."

Loisi alikuwa amefuata ruhusa, akarudishiwa uamuzi. "Nilitoka pale na hofu kubwa kuliko niliyoingia nayo," anasema.

Jioni ile alimweleza mumewe. Thobias alikwenda kulala mapema, Loisi akadhani amekasirika. Asubuhi alimkuta nje, gunia liko juu ya baiskeli, anakaza mpira tayari kwenda mashineni kusaga.

Siku ya tisa, Loisi alikung'uta unga wa mwisho. Jumapili iliyofuata ilikuwa ibada ya mavuno.

Watu walipanga mstari na kuku, karanga, mtama na vikapu vya zabibu. Yeye, ambaye kila mwaka huwa miongoni mwa wa kwanza, alibaki kwenye benchi. Alikuwa amefikiria kusingizia ugonjwa. Mstari ulipokaribia kwisha aliinuka, akaweka mezani gunia tupu, limekunjwa mara nne. Minong'ono ilisikika. Mchungaji akaliombea kama alivyoyaombea yaliyojaa. Loisi alilia, na mpaka leo hajui kama ilikuwa furaha au woga.

Habari zilimfikia jirani yake, Mwantum Shaaban, Mrangi wa Kondoa anayeuza vitunguu. Shule ilipofunguliwa alifika na madebe mawili ya mahindi. "Wanangu wawili walikunywa uji ule," anasema Mwantum. "Hakuna aliyewauliza dini yao." Wazazi wengine wakafuata, huyu na bakuli, yule na ndoo ndogo. Uji umerudi, ila kwa siku tatu tu za wiki.

Nyumbani kwa Loisi sasa wanakula mara moja kwa siku. Uwele uliobaki haufiki nusu gunia, na huu ni Oktoba. Mavuno mengine ni Mei. Thobias anafuata vibarua vya ujenzi hadi Ihumwa, na siku nyingine hurudi mikono mitupu.

"Nikishukuru kabla ya kula, jicho moja liko kwenye chungu," anakiri Loisi. "Sijui kama Mungu anachukizwa. Ila nashukuru hivyo hivyo, na hofu yangu ndani."

Ana mpango. Mwalimu Hilda amekubali eka moja nyuma ya uwanja wa mpira ilimwe na wazazi kwa ajili ya jiko la shule. Loisi ametunza mbegu za mtama unaokomaa mapema, amezining'iniza juu ya moshi ili wadudu wasizifikie, wala mwenye njaa asizikumbuke. Mvua ikianza Desemba, anasema, siku ya kwanza tu atakuwa shambani.

Na isiponyesha?

Anakoroga uji mara mbili, tatu.

"Mbegu nimezigawa mafungu mawili," anasema. "La pili ni la Januari."