Nyasi Zilizojiwasha Rukanga

Nilipokuwa mtoto Rukanga, kabla sijawa huyu fundi wa ujenzi anayejulikana Voi nzima (kama hunijui, basi wewe ni mgeni), nyanya yangu alikuwa na mwiko mmoja: nyasi mbichi hazilazwi bandani. "Zikilala na maji, wafu huzipikia," alisema. Tulimcheka.

Mwaka huo mvua ilikuta nyasi za ng'ombe zikiwa bado shambani. Baba akazirundika bandani hivyo hivyo, zimelowa. Baadaye nikazamisha mkono ndani ya rundo nikitafuta mayai ya kuku, nikauchomoa mbio. Joto kama la sufuria ya chai! Nikamweleza nyanya, naye akamwonya baba. Baba akajibu, "Mama, hayo ni ya zamani."

Mchana mmoja banda likawaka lenyewe. Ng'ombe walipona, banda likaisha.

Sasa, asubuhi hiyo jirani yetu Mama Wakesho, mjane, alikuwa amekuja na kigae kuomba kaa la moto. Mama alimwambia letu limezimika, huku moshi unaonekana ukitoka jikoni kwetu. Banda lilipoungua, wanaume wakajumlisha.

"Alinyimwa moto, akautuma," alisema Mwakio, mwenye shamba la pili kutoka letu. "Ahame leo."

Mama Wakesho alisimama uani kwake, hata kujitetea amechoka. "Nihamie wapi, shemeji?"

Nyanya akafika na fimbo yake. "Wewe Mwakio, nimekuogesha mimi, usinitolee macho. Waliopika ni wafu wangu, na nilionya. Haya, mfukuzeni. Kisha mngoje wafu waje kuuliza ni nani aliyemsingizia mtu kazi yao."

Mmoja akakumbuka mbuzi wake, mwingine shamba lake. Mama Wakesho akabaki kwake.

Shule niliiacha mapema, ilikuwa inanichelewesha. Chokaa ndiyo iliyonisomesha. Tukiizima kwa kuimwagia maji, pipa linachemka bila kuni. Simenti ikishika, unasikia joto lake kwa kiganja. Samadi ikioza, asubuhi inatoa moshi. Nyasi zilizolowa nazo huoza ndani kwa ndani, joto likikosa pa kutokea, zinawaka. Wafu hawamo.

Juzi banda la nyasi liliungua karibu na tunapojenga, akalaumiwa bibi mmoja anayeishi peke yake. Nikaenda kifua mbele. Nikawaeleza waliomlaumu habari za chokaa, simenti, samadi, yote, tena vizuri kuliko mwalimu yeyote. Wakanisikiliza mpaka mwisho. "Fundi ana mdomo huyu," wakasema, wakacheka, wakamwambia bibi afunge mizigo.

Nilimbebea godoro hadi stejini, akapanda matatu.

Nyanya alikosea kuhusu ule moto, na Mama Wakesho akalala kwake. Mimi sikukosea hata kidogo.