Mama Asiyekuwa Kwenye Filamu

Hadi leo nikisikia maji yakianguka ndani ya jerikeni tupu, ile sauti nzito inayopanda kidogo kidogo kadiri maji yanavyokaribia shingo, kuna kitu kinanichoma kifuani. Wenzangu wakikumbuka utoto hukumbuka mama zao au chakula cha Krismasi. Mimi hukumbuka husuda. Niwie radhi, msomaji, sikuwa mtoto mwema.

Tuliishi Jinja, upande wa Mpumudde, katika nyumba za askari magereza. Baba alikuwa koplo, Mgisu wa Mbale. Majirani zetu walikuwa Waacholi, Walango na Wateso, kwa hiyo sisi watoto tulicheza na kugombana kwa Kiswahili cha kambini, kile kisichojali ngeli wala mwalimu. Bomba lilikuwa moja kwa familia zote, na maji yalikuja jioni tu. Hapo bombani palikuwa na sheria ambayo hakuna afande aliyeitunga: mwenye hadithi hapangi foleni. Unapanda juu ya ukingo wa saruji, unasimulia, na wenzako wanakujazia jerikeni lako kabla ya yao. Nilikuwa na miaka kumi, na kwa mwaka mzima sikuwa nimepanga foleni. Niliwasimulia ya sungura na ya fisi, na zikiniishia, nilichukua mahubiri ya Jumapili nikayatia chumvi mpaka yakanoga.

Ndipo akaja Nambozo, binti wa shangazi yangu wa Malukhu, kule Mbale. Alinizidi mwaka mmoja, mwembamba, kichwa kimenyolewa, mpole wa kuudhi. Shangazi alikuwa mgonjwa wa kitandani. Bibi alikuwa amehamia kwake kumuuguza, na baba akaamua mtoto aje asome kwetu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," baba alisema akimpokea mkoba. Mwenyeji sikupona. Niliugua jioni ya pili yake.

Jioni hiyo Nambozo aliuliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza kusimulia filamu. Filamu! Kwetu hakuna aliyekuwa na televisheni. Yeye alikuwa ameiona kwa jirani yao Barasa, Mkenya dereva wa malori, mwenye televisheni na deki ya kuchezea kanda za video. Ilikuwa filamu ya katuni, ya kijana mwenye joho la zambarau aliyeweza kuruka na kushika moto kwa mikono. Nambozo aliruka naye, akaungua naye, akapigana na adui yake juu ya paa. Kisha akafika mahali ambapo mji mzima unawaka, watu wanamwita shujaa, naye anageuka, anaruka mpaka nyumbani kwa mama yake. Mama ni mgonjwa. Shujaa anavua joho, anapitisha mkono chini ya mgongo wa mama, anamgeuza taratibu, anamlisha uji. Halafu ndipo anarudi kuzima moto.

Maji yakafurika bombani bila mtu kuyaona. Tangu siku hiyo ikawa, "Nambozo, rudisha pale kwa mama!" Hata wake za maafande walisimama na ndoo zao kichwani kusikiliza. Na mimi? Mimi nilikuwa kwenye foleni, jerikeni mkononi, nyuma ya mtoto mwenye kamasi. Usiku nikisali nilimwomba Mungu ampe Nambozo kikohozi, kidogo tu, cha kumziba koo.

Likizo ya Aprili baba alitupeleka Mbale kumwona shangazi. Nilikuwa na shabaha yangu: kuiona filamu ile na kuitafutia kasoro. Kila asubuhi, katika chumba chenye harufu ya dawa na mafuta ya taa, Nambozo aliingiza mkono chini ya mgongo wa mama yake, akamgeuzia ukutani, akamlisha uji wa ulezi kwa kijiko kidogo. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu, nimesimama mlangoni, nikiuliza tutaenda kwa Barasa saa ngapi.

Kwa Barasa ulinawa miguu kwanza kwenye beseni, kwa sababu ya zulia, halafu ukakaa chini ukikunja magoti. Filamu ilianza, na nitaitendea haki: ilikuwa nzuri. Mvua ilichorwa tone kwa tone. Kijana alipoinuka kutoka ardhini, nilijikuta nimenyanyuka naye kwenye zulia. Lakini hakuna kizuri kisicho na ila, nami nilizihesabu ila kwa vidole. Adui alicheka tu, hatukujua anataka nini. Watu wa mji ule walikuwa na sura moja wote, kama mandazi. Na mama? Mama alipunga mkono mlangoni mwanzoni kabisa, basi, hakuonekana tena hadi mwisho.

Nilifurahi mno. Zulia la watu nililikalia kama kiti cha enzi.

Tuliporudi Jinja nilingoja Nambozo apande ukingoni, nikamwacha asimulie mpaka alipofika kwa mama. "Uongo!" nikapaza sauti. "Mi nimeona hiyo filamu. Hiyo ya mama hakuna. We nadanganya watu!"

Okello, mkubwa wetu sisi watoto, akamtazama. "Nambozo, ni kweli?"

"Mi niliona," Nambozo akasema.

"Uliona wapi? Sema!" nikamkazia.

Nambozo alishuka, akachukua jerikeni lake, akaenda mwisho wa foleni. Nikapanda mimi, nikaisimulia filamu kama ilivyokuwa, bila kukosea. Walinijazia maji. Hakuna aliyesema rudisha.

Shangazi alifariki kabla ya muhula kwisha, Nambozo akaenda mazikoni, akabaki Mbale na bibi. Siku hizi mimi hula kwa kuandika habari za filamu gazetini, uzuri wake na udhaifu wake, na husifiwa kwa jicho kali. Lakini jicho hilo halikuona kitu mpaka mwaka ambao mama yangu mwenyewe alilala kitandani. Nilipitisha mkono chini ya mgongo wake, nikasimama hivyo hivyo, nimeinama, nikaelewa. Nambozo alikuwa Jinja akichota maji yetu, mama yake alikuwa Mbale, na wa kumrudia hapakuwa na mwingine ila yule kijana wa joho la zambarau.

Nilimpigia simu nimwombe radhi. Akaniuliza, "Dada, lakini ile filamu... kweli pale kwa mama hakuna?"

Nikamwambia papo, tena ndipo pazuri kuliko pote. Nilipokata simu nililia, na katikati ya kilio, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu tena: miaka yote hii ya kuandika, sijatunga mahali hata pamoja ambapo mtu angetaka nipasimulie mara ya pili.